Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuizungumzia Filamu Uliyotoka Kuitazama

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaotazama filamu kwa kupenda tu, bila kulipwa na bila kusomea. Mengine nimeulizwa, mengine niliwahi kuyauliza mimi mwenyewe. Majibu ni yangu, na pale nilipo na msimamo nimeuweka wazi.

Mimi si mtaalamu wa filamu. Maoni yangu yana uzito wowote?

Yana. Filamu hutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa akatazama, na huyo ni wewe. Walter Murch, mhariri aliyefanya kazi na mwongozaji Francis Ford Coppola, aliorodhesha mambo sita anayoyapima kabla ya kuamua picha ikatwe wapi. Hisia ya mtazamaji aliipa asilimia 51, yaani peke yake inayashinda mengine yote matano yakijumlishwa, hadithi ikiwemo. Kwa hiyo mtu anayesema "pale mlango ulipofunguka nilishika pumzi" anazungumzia jambo lilelile ambalo mhariri alikesha akilitafuta.

Studio nazo zinajua hivyo. Kabla filamu haijatoka, mara nyingi huonyeshwa kwanza kwa watu wa kawaida, kisha wakaulizwa wapi walichoka na mwisho waliuonaje. Mwisho wa *Fatal Attraction* ya 1987 ulipigwa picha upya kwa sababu watazamaji wa majaribio hawakuridhika na ule wa kwanza. Hao hawakuwa maprofesa.

Mtaalamu anakuzidi kwa jambo moja kubwa: ametazama nyingi, kwa hiyo ana vingi vya kulinganisha. Pengo hilo hupungua kila unapotazama.

Nikiulizwa "ilikuwaje?" najibu "nzuri" halafu nakwama. Nianzie wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami nitalikalia kidogo.

Neno "nzuri" si kosa, ila aliyekuuliza hapati pa kushika. Anabaki kukubali au kukataa, na mazungumzo yanafia hapo. Anza na tukio moja. Si hadithi nzima, tukio moja tu lililokuganda kichwani. Tuseme ni mzee anayekunja shati la mwanawe aliyefariki, analiweka kitandani, halafu analikunjua na kulikunja tena. Ukishalitaja, jiulize lilikufanyia nini. Koo lilikukaba? Sawa. Sasa rudi kwenye picha utafute kilichokukaba. Labda kamera ilitulia muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Labda hapakuwa na muziki, ukausikia mkono ukipita juu ya kitambaa. Labda mwigizaji hakulia, na kule kutolia ndiko kulikokuliza wewe.

Hapo tayari umetoa maoni kamili. Umesema kilichokupata na umeonyesha kilipotokea. Mwenzako anaweza kwenda kukitazama kipande hicho akakubaliana nawe, au akakwambia yeye aliona kimevutwa mno. Vyovyote atakavyojibu, sasa mnazungumzia kitu kimoja.

Njia hiyohiyo inafaa kwa filamu iliyokuchosha. Ni dakika ipi ulitazama saa? Ni mhusika gani alikuwa akizungumza ukajikuta unawaza mambo yako? "Inachosha" ni hukumu. "Kila mara hao wawili wanapokutana wanarudia ugomvi uleule, na mara ya tatu sikujali tena nani atashinda" ni maelezo, na hata mtu anayeipenda filamu hiyo atayasikiliza.

Kuna mtego mmoja wa kumbukumbu. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha kwamba jambo tulilolipitia tunalikumbuka zaidi kwa kilele chake na kwa jinsi lilivyoisha, huku urefu wake ukisahaulika. Kwenye filamu jambo hili lina nguvu sana. Mwisho ukikuudhi, unaweza kuondoka ukisema yote ilikuwa mbovu, ilhali kwa saa nzima ya kwanza ulikuwa umeegemea mbele. Kwa hiyo mimi hujilazimisha kukumbuka kitu kimoja cha katikati kabla ya kufungua mdomo.

Kusimulia hadithi yote ni sawa na kutoa maoni?

Hapana. Muhtasari wa sentensi mbili unatosha kumweka mwenzako kwenye mazingira: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Baada ya hapo kila "halafu" unayoongeza inakula muda wa "mimi niliona".

Nisiutaje mwisho kabisa? Siri inaanzia wapi?

Kwa mtu ambaye hajatazama, muulize kwanza. Wapo wanaotaka kujua kila kitu kabla, na wapo watakaokununia wiki nzima ukiwavunjia uhondo. Utafiti nao haujamaliza ubishi huu. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, nyingine zikiwa zimetobolewa siri mapema, na kwa wastani wasomaji walizifurahia zaidi zilizotobolewa. Miaka michache baadaye, utafiti wa Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum ulipata kinyume chake. Kwa hiyo usimtupie mtu utafiti mmoja usoni ili uhalalishe ulimi wako.

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliwahi kuielezea vizuri tofauti ya mshtuko na taharuki alipohojiwa na mwongozaji mwenzake, François Truffaut. Watu wawili wamekaa mezani, chini ya meza kuna bomu. Kama hatujui, likilipuka tunashtuka kwa sekunde 15. Kama tumeliona likitegwa, tunakaa roho juu kwa dakika 15 wakati wao wanapiga soga. Ukiuchukua mfano huo, utaona kwamba siri si zote sawa. Filamu inayotegemea taharuki humvumilia mtu anayejua kitakachotokea, kwa sababu yenyewe imeshamwonyesha bomu. Filamu inayotegemea mshtuko ina risasi moja tu, na ukimwambia mtu umeshaifyatua.

Hitchcock huyohuyo, alipotoa *Psycho* mwaka 1960, alishikilia kwamba mtu yeyote asiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza. Ilikuwa na sababu ya msingi ndani ya hadithi yenyewe. Sababu hiyo siitaji hapa, maana kila siku kuna mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza.

Kipimo changu: chochote kilichomo kwenye trela kinasemeka. Chochote kinachotokea katika robo ya kwanza kinasemeka kwa tahadhari. Baada ya hapo nazungumzia hisia na ufundi, si matukio. Na kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba kusema tu "mwishoni kuna jambo hutalitarajia" nako ni kuvujisha siri. Mwenzako atatazama filamu nzima akiwinda jambo hilo badala ya kuwafuata watu waliomo.

Niliitazama kwenye simu, vipande vipande kwa siku tatu. Naweza kuitolea maoni?

Unaweza, ila sema hivyo mwanzoni. Namna ulivyotazama ni sehemu ya ulichokiona.

Mwongozaji anaweza kukitengeneza kipande kirefu cha ukimya ili kikubane. Ukikikata katikati ukaenda kulala, umekikata pumzi. Picha pana yenye mtu mdogo katikati ya jangwa, kwenye skrini ya kiganja, huyo mtu haonekani kabisa, na upweke wake unapotea naye. Hakuna aibu katika kutazama hivyo. Wengi wetu tunatazama tunapopata nafasi. Shida inakuja tunapoibebesha filamu lawama ya skrini.

Mimi nimefanya kosa hilo. Niliiponda filamu moja mbele ya marafiki kwamba waigizaji wananong'ona, hawasikiki, halafu milipuko inapasua masikio. Baadaye niliitazama kwa kutumia vipokea sauti vya masikioni, na kila neno likasikika. Filamu nyingi kubwa hupangiwa sauti kwa mfumo wa spika kadhaa, na mazungumzo kwa kawaida huwekwa kwenye spika ya katikati. Mfumo huo ukikamuliwa kuingia kwenye vijispika viwili vya televisheni nyembamba, mazungumzo yanamezwa. Niliwarudia marafiki nikarekebisha niliyoyasema.

Jambo la pili la kukagua ni mwendo wa picha. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, kiwango kilichozoeleka tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920. Televisheni za kisasa nyingi zina mpangilio unaobuni fremu za ziada katikati ili mwendo uwe laini. Kwenye mpira wa miguu unapendeza. Kwenye filamu, kila kitu kinageuka kuwa kama tamthilia ya bei rahisi iliyopigwa studio. Mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi kuwaomba watu wauzime mpangilio huo. Ukijisikia kusema "picha zake zina ubandia fulani", angalia kwanza televisheni yako.

Niliiacha katikati. Au nililala.

Sema uliiacha, sema ulipoiachia, na kwa nini. Hayo ni maoni halali kuhusu sehemu uliyoiona. Usiuhukumu mwisho usioujua.

Wote wanaisifu, mimi imenipita kando. Nina kasoro?

Huna. Angalia jinsi hata wanaolipwa wanavyobadilika. Jarida la Uingereza *Sight and Sound* huwauliza wahakiki wataje filamu bora za wakati wote, kila baada ya miaka 10 tangu 1952. *Citizen Kane* ilishika nafasi ya kwanza kuanzia 1962 hadi 2002. Mwaka 2012 ikapinduliwa na *Vertigo*, filamu ya 1958 ambayo haikuingia hata kumi bora hadi 1982. Mwaka 2022 kilele kikachukuliwa na *Jeanne Dielman* ya Chantal Akerman, ya kwanza kuongozwa na mwanamke kufika hapo. Filamu hizo hazikubadilika hata fremu moja. Waliobadilika ni watazamaji.

Kinyume chake pia hutokea. *The Shawshank Redemption* ilipotoka 1994 kumbi zilikuwa na viti vitupu. Iliteuliwa kuwania Oscar 7 ikarudi mikono mitupu. Watu waliipenda baadaye, nyumbani, kwa kanda za video na televisheni, mmoja akimwambia mwingine.

Ninachokuomba ni kutofautisha mambo mawili: "hii si filamu yangu" na "hii filamu imeshindwa". La kwanza linaeleza ladha yako. La pili ni madai kuhusu kazi ya watu wengine, na linahitaji ushahidi kutoka ndani ya filamu. Sipendi filamu za kutisha, lakini nimewahi kukaa mbele ya moja na kukiri kwamba kila mkato wake ulikuwa mahali pake. Niliisifu na sitaitazama tena.

Zile asilimia na alama zinamaanisha nini hasa?

Zinatofautiana, na watu wengi huzisoma kana kwamba ni kitu kimoja.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, haikuambii filamu ni nzuri kiasi gani. Inakuambia ni wahakiki wangapi kati ya mia wameiona inafaa, na kuanzia 60 huhesabiwa kuwa imefaulu. Chukua filamu ambayo wahakiki wote walisema "si mbaya, inapitisha muda": inapata 100. Nyingine, watu 70 wameiona ya ajabu na 30 wameichukia: inapata 70. Ukifuata namba peke yake utaichagua ile ya kwanza, na pengine wewe ulikuwa mmoja wa wale 70.

Metacritic, tovuti nyingine, yenyewe huchukua alama za wahakiki na kutafuta wastani, baadhi yao wakipewa uzito zaidi. CinemaScore, kampuni ya kupima maoni, huwasubiri watazamaji wa kawaida usiku wa kwanza wa filamu huko Amerika Kaskazini na kuwaomba watoe daraja, kuanzia A+ hadi F. Daraja hilo hupima sana kama watu walipata walichokuja kukitafuta. *mother!* ya Darren Aronofsky ilipewa F mwaka 2017, ingawa wahakiki wengi waliikubali. Wengi waliokwenda usiku ule walitarajia filamu ya kutisha ya kawaida, wakakutana na kitu kingine kabisa.

Mimi huzitazama namba baada ya filamu, si kabla. Kabla, rafiki mmoja ninayeijua ladha yake ananifaa zaidi, hata kama ladha yake ni kinyume cha yangu. Akisema "ilikuwa ya polepole mno, watu wanatazama tu madirisha", mimi najua hiyo ni yangu.

Uigizaji mzuri nautambuaje?

Kwa tahadhari, kwa sababu sehemu ya unachokiita uigizaji si ya mwigizaji. Karne moja hivi iliyopita, mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji, usioonyesha chochote, na picha tofauti: bakuli la supu, maiti kwenye jeneza, mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa. Uso ulikuwa mmoja. Mhariri ndiye aliyeupa maana, na nyinyi watazamaji mkamsaidia.

Mimi huangalia mambo mawili. Kwanza, mwigizaji anafanya nini mwenzake anapozungumza? Wengi wanaweza kusema maneno yao vizuri; kusikiliza mbele ya kamera ndiko kugumu. Pili, naweza kumwona akiamua jambo kabla hajalisema? Na usimpe alama kwa sababu tu amelia sana, amekonda, au amevaa pua bandia. Jasho la maandalizi ni habari nyingine.

Nimlaumu nani: mwandishi, mwongozaji au mhariri?

Ukiwa nje ni vigumu kujua. Kipande kinachovutwa kinaweza kuwa kimeandikwa hivyo, kimepigwa hivyo, au kimebaki kirefu kwa sababu hapakuwa na picha nyingine ya kukatia. Wakati mwingine ni studio. *Blade Runner* ya 1982 ilitoka na sauti ya msimulizi na mwisho wa matumaini. Toleo la 1992 likaviondoa vyote viwili, na mwaka 2007 likaja toleo jingine ambalo mwongozaji Ridley Scott alilisimamia mwenyewe. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kumbe hawakutazama filamu moja. Kwa hiyo kwa filamu za zamani taja toleo, na badala ya "mhariri kaharibu" sema "kipande hiki kilikuwa kirefu".

Filamu imetokana na kitabu nilichokisoma. Nilinganishe?

Linganisha, lakini si kwa kuhesabu yaliyoachwa. Kitabu cha kurasa 400 hakiingii ndani ya saa mbili bila kupunguzwa. Uliza kama filamu imepata njia yake ya kusema kile ambacho kitabu kilikisema kwa mawazo ya ndani ya mhusika.

Kwa kisa cha kweli nina ukali zaidi. Kubana miaka mitano kuwa mwaka mmoja nakubali. Kumgeuza mtu aliyewahi kuishi kuwa adui ili steringi apate wa kupigana naye, sikubali, na nitalisema hata kama filamu imenitoa machozi.

Filamu ya lugha nisiyoijua: nisome maandishi ya chini au nisikilize sauti iliyobandikwa?

Maandishi, kama macho yako yanaruhusu. Sauti ni nusu ya mwigizaji. Ukiibadilisha umemtazama mtu mmoja ukamsikia mwingine. Hata hivyo maandishi nayo hupunguza. Kwa kawaida ni mistari miwili mifupi inayopaswa kusomeka kwa sekunde chache, kwa hiyo utani, matusi na namna watu wanavyoheshimiana hupunguzwa makali. Ukiona mazungumzo yamekauka, yawezekana ukavu ni wa tafsiri. Filamu ya Korea Kusini *Parasite* ilipotwaa Oscar ya filamu bora Februari 2020, ya kwanza kufanya hivyo ikiwa si ya Kiingereza, wengi walioipigia makofi waliifuata kwa maandishi ya chini mwanzo hadi mwisho.

Nimeitazama mara ya pili na maoni yangu yamegeuka. Nitaonekana kigeugeu?

Mara ya kwanza ulikuwa unakimbizana na hadithi. Mara ya pili unajua inakokwenda, kwa hiyo macho yako yana nafasi ya kuona jinsi ilivyokupeleka. Pauline Kael, aliyehakiki filamu kwenye *The New Yorker* kwa zaidi ya miaka 20, alijulikana kwa kutazama filamu mara moja tu na kuamini mguso huo wa kwanza. Namheshimu, lakini simfuati. Nikirudia, huyaweka maoni yote mawili mezani: hivi ndivyo nilivyoona nikiwa na haraka, hivi ndivyo ninavyoona sasa.

Mwenzangu anaipenda filamu niliyoichukia. Nimjibuje?

Muulize ni kipande gani. Usimuulize kwa nini, maana "kwa nini" humfanya mtu ajitetee. Ukishajua kipande, mara nyingi utagundua kimegusa jambo la maisha yake ambalo wewe hukulijua: msiba, safari, ugomvi na ndugu. Bado unaweza kuamini filamu ni dhaifu. Ila sasa unajua kwamba dakika nne zake zilifanya kazi kwa mtu mmoja, na dakika hizo zinastahili kutajwa utakapoizungumzia tena.

Filamu ikiisha tu, niseme papo hapo au nisubiri?

Inategemea na aliye kando yako. Wengine hutaka kumwaga yote kabla taa hazijawaka, na joto hilo lina faida zake, kwa sababu vitu vidogo husahaulika haraka: rangi ya koti, wimbo uliokatizwa, mtoto aliyepita nyuma. Wengine wanahitaji usiku mmoja. Majina yakianza kupanda kwenye skrini, mtazame jirani yako kwanza. Kama bado amekodoa macho mbele na mikono ameifumbata, yeye filamu haijamwishia. Atakapogeuka, muulize ameona nini.